Kifuniko cha Rejeta Ulichoondoka Nacho

Mtani wangu Atilio,

Sikusalimii. Tangu lini Mngoni akaanza yeye kumsalimia Mhehe. Ulipokuwa hai hukunisikia nikikusalimia kwanza hata mara moja, na kufa hakukupi cheo.

Naandika kwa mkono wangu. Kolumba, binti yangu mwalimu, alisema baba, wewe sema mimi niandike, maneno yatanyooka. Nikamwambia maneno yangu na Atilio hayajawahi kunyooka, yakinyooka hatayatambua. Darasa la nne nililosoma mimi linatosha. Kuna watu wana vyeti ukutani na hawajui kuandika barua ya kumtukana mtu vizuri.

Barua hii itasomwa siku ya kumaliza msiba wako, mbele ya watu wote. Kutakuwa na wageni, walimu na wafanyabiashara waliohamia kutoka mikoa mingine, kwa hiyo vumilia kidogo niwaeleze yale unayoyajua. Wangoni na Wahehe ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wabaki wanatukanana. Mtani anakusema mbele ya watoto wako na wewe unacheka. Anaingia nyumbani kwako anachukua kitu anachokitaka, na kununa huruhusiwi, kazi yako ni kwenda kukikomboa. Na ukifa, mtani ndiye anayesimama kaburini akakusema mabaya yako yote, watu wakacheka katikati ya kilio, ndipo udongo unaingia. Mhehe anayezikwa bila Mngoni kumsema amezikwa kimya kama mtu asiye na kwao. Wewe ulizikwa hivyo, Atilio, na ndiyo sababu ya kalamu hii.

Unakumbuka siku ulipofika gereji kwangu Lizaboni. Lori la mahindi la tajiri wako lilikuwa linafuka mbele kama jiko la mama ntilie. Ukashuka, kofia imekaa upande, ukaniangalia toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye fundi? Mbona unafanana na mtu aliyekuja kuomba kazi."

Nikakuuliza kabila lako. Ukasema Mhehe. Nikasema basi lori hili halitapona, kwanza tutoe dereva.

Ulicheka mpaka ukakalia tairi. Mimi nikafungua boneti. Na nikwambie tena, maana ulikuwa unapenda kusahau, Songea nzima hakukuwa na mkono kama wangu. Wengine walikuwa wanaanza kufungua kila kitu, vipande vinajaa kwenye beseni, halafu wanakuna kichwa. Mimi nilishika tu. Nikashika paipu ya juu ya rejeta, inaunguza. Nikashika ya chini, baridi kama chura. Nikakwambia maji yanaingia na hayapiti, ndani kumeziba, umekuwa unalinywesha lori maji ya mtoni na tope lake. Ukasema na wewe Mngoni mbona unakunywa hayohayo na hujaziba. Tukaitoa rejeta, tukaizibua, ikatoka matope ya kufinyangia chungu. Uliondoka jioni ileile unaimba vibaya.

Tangu pale hukuniacha, ukawa unaniita Nkosi, cheo cha machifu wetu Wangoni, kwa kunidhihaki. Tajiri wako alipouza lori nikanunua pikapu yangu, na nilikuwa nataka dereva mzuri, nikakosa, nikakuchukua wewe. Tumebeba tumbaku, tumebeba mahindi, tumebeba saruji ya makanisa na vitanda vya maharusi. Mimi nikiisikiliza injini, wewe ukiisikiliza njia. Kila mlima ulikuwa na ugomvi wake. Ukiona mshale wa joto umepanda unasema gari ya Kingoni imekasirika. Mimi nasema imemnusa Mhehe. Tunasimama, tunakaa kwenye nyasi mpaka ipoe, na katika kusubiri kule tumezungumza mambo ambayo wake zetu hawajayasikia. Siku hizi vijana wanalalamika gari ikichemsha. Mimi naona gari isiyochemsha kamwe inawanyima watu maongezi.

Na tulibeba majeneza, unajua. Wenye gari walikuwa wachache, msiba ukitokea wanakuja kwangu. Siku moja tulikuwa tunampeleka mzee mmoja kijijini kwao, gari ikachemsha kwenye mwinuko. Ndugu wa marehemu wakashuka, wakakaa kando wakiimba nyimbo za kanisa. Wewe ukaegemea ubavu wa gari ukasema kwa sauti ya chini:

"Nkosi, mimi nikifa unibebe na gari hii. Uendeshe wewe mwenyewe."

Nikasema nitakubeba, na nitapita kwenye mashimo yote.

"Pita. Sitaki gari nzima, gari nzima itanifikisha mapema."

Nikacheka. Wewe hukucheka. Ukasema, "Sikutanii." Katika miaka yetu yote neno hilo ulilisema siku ile tu. Nikakujibu sawa. Sikuongeza tusi, na wewe ukajua kwamba nimekubali.

Halafu tukazeeka. Mimi nasema tulizeeka, lakini ulianza wewe. Ukahamia Namtumbo kwenye shamba la mkeo, ukawa mkulima wa mahindi, ukawa unanipigia simu kunitukana badala ya kuja. Nilikuwa naona raha, bado unanitukana vizuri.

Mara ya mwisho ulikuja msimu wa mvua ulipokuwa unaelekea kwisha, umetoka kupimwa kifua. Ulikaa kwangu mchana kutwa. Ulikuwa umekonda, shati linakuzunguka. Nikakwambia umebaki kama stiki ya kupimia oili. Ukasema mimi nimenenepa kama mtungi wa pombe ya ulanzi na kilichomo ndani ni kidogo. Tukala. Wewe ndiye uliyezunguka Songea yote ukitangaza kwamba Wangoni wanakula panya, na mezani kwangu ukawala wewe, ukaomba tena. Siku ile lakini ulikula kidogo. Niliona. Nilisema utani nikapita.

Jioni nikiwa nakusindikiza ukasimama kwenye pikapu yetu, ukafungua boneti kama yako. Ukafungua kifuniko cha rejeta, ukakipuliza, ukakitia mfukoni.

"Nimechukua. Ukikitaka njoo Namtumbo na jogoo."

"Weka kifuniko changu, mwizi wewe."

"Jogoo, Nkosi. Mwekundu. Asiwe na kilema kama mwenyewe."

Ukaenda zako stendi unacheka na kukohoa, unacheka na kukohoa.

Sasa nisikilize vizuri, maana najua huko uliko unataka kusikia nikisema nilikosea. Sisemi. Utani una taratibu zake. Mtani akichukua kitu chako huendi mbio kesho yake kama mtu aliyeibiwa. Unamwacha akae nacho, kimchoshe, aanze kukupigia simu. Ukienda haraka amekushinda. Na mimi nishindwe na Mhehe kwa kifuniko. Nikatafuta kingine kwenye gari bovu lililolala nyuma ya gereji, nikakifunga, kikazunguka kikabana. Ukanipigia, "Vipi, hujaja?" Nikasema gari ina kifuniko, hicho kilie chumvi. Ukapiga tena. Nikasema mvua. Ukapiga, nikasema mahindi. Gari ilikuwa inatembea vizuri, Lizaboni sokoni, sokoni Bombambili, hakuna mlima wala mzigo.

Lakini mtu anayechukua kifuniko cha rejeta anataka afuatwe. Hilo nilitakiwa kulijua. Mimi ninayejua ugonjwa wa gari kwa kushika paipu, nilikuona na lile shati, nilikusikia kifua, na ulivyopiga simu mara zote zile, na sikuelewa kwamba unaniita.

Mama Neema, mkeo, alinipigia jioni. Hakunitania, nikajua hapohapo. "Mtani, mwenzako ametutoka. Mazishi kesho mchana. Alisema asibebwe na gari nyingine, atabebwa na wewe." Nikamwambia nakuja. Nikaosha bodi ya nyuma ya pikapu, nikatandika turubai jipya, asubuhi kumepambazuka tu nikaondoka.

Ilichemsha kwenye mlima wa kwanza mrefu.

Nikasimama, nikaacha ipoe, nikaanza kazi. Nataka ujue nilivyofanya, kila kitu, usije ukasema nilikuwa nimelala. Nilibonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, umekaza vizuri. Nikatikisa feni, haichezi, pampu ya maji haitoi hata jasho. Nikashika paipu ya juu na ya chini, zote zina moto, maana yake maji yanazunguka. Nikatazama mbele ya rejeta, hakuna nyasi wala makapi. Nikaanza kuogopa gasketi ya silinda hedi, maana ikiungua ile, safari imekwisha. Nikachomoa stiki ya oili, oili nyeusi yenyewe, haijawa kama chai ya maziwa. Nikawasha kifuniko kikiwa wazi, nikatazama maji, hayatoi mapovu. Nyuma moshi hakuna. Gari nzima kabisa. Nikaongeza maji, nikaondoka. Mwinuko uliofuata ikachemsha tena, mbaya zaidi.

Simu ilikuwa haina mtandao pale. Kijana wa bodaboda akapita, akarudi.

"Shikamoo mzee. Panda nikupeleke."

"Marahaba. Nikipanda mimi, jeneza litapanda wapi?"

Akachungulia nyuma ya pikapu, akaona turubai tupu. "Jeneza lipi, mzee?"

"Ninalolifuata."

Akaniangalia, akawasha pikipiki polepole, akaenda.

Baadaye likaja lori la tumbaku. Dereva mpole, akashuka na kamba yake mkononi. Akasema mzee wangu, nikuvute mpaka Namtumbo, hapa unapoteza muda. Nikamwambia asante mwanangu, endelea na safari. Akasema kwani unasubiri nini? Nikasema nasubiri gari. Hakuelewa, na sikutaka kumweleza. Fundi Osmund wa Lizaboni avutwe kwa kamba kama mbuzi mpaka kwenye msiba wa Mhehe, wanawe wote wakitazama. Ungefufuka kwa kicheko. Nilifikiri hivyo, Atilio. Na ukweli ni kwamba ungefufuka ningefurahi. Ile kamba naiona mpaka leo. Ningeifunga tu, ningefika.

Lori lilipoondoka nikarudi kwenye boneti. Nikawasha, nikainama nikasikiliza. Sikushika kitu tena, nilisikiliza tu. Nikasikia mvuke unatoka mapema, injini hata haijapata moto wa kutisha. Ulikuwa unapita chini ya kifuniko. Ilipopoa nikakifungua, nikakigeuza. Springi yake laini, mpira wake haufiki kwenye kitako. Ni kifuniko cha gari dogo. Kinabana kwa macho, kwa maji hakibani. Kwenye tambarare kinakudanganya, ukipanda mlima maji hayakandamizwi, yanachemka kabla ya wakati na yanatoka yote, kama chungu cha maharage kilichofunikwa kwa sahani nyepesi.

Nikakaa kwenye nyasi. Tulipokuwa tunakaa zamani tulikuwa wawili. Gari haikuwa na ugonjwa wowote, kilichopungua kilikuwa nyumbani kwako Namtumbo. Mimi nilikuwa njiani nakuja kukuchukua, na siwezi kufika kwa sababu kitu cha kunifikisha unacho wewe. Nilikutukana pale, tusi zuri sana, ng'ombe waliokuwa wanapita ndio waliolisikia.

Dawa yake ilikuwa ndogo. Nilikata kipande cha tyubu kuukuu ya tairi kwa kisu, nikakichonga duara, nikakivisha chini ya springi, nikafunga. Nikachota maji mtoni, nikajaza, nikawasha. Mlima ule niliupanda gari inaimba. Kule juu simu ikapata mtandao, ikaanza kulia kwa simu zote zilizonikosa. Ya mwisho nikaipokea nikiwa naendesha.

"Mtani, tumesubiri," Mama Neema akasema. "Katekista anasubiriwa kijiji kingine na wingu limefunga. Jirani ametupa trekta. Usikasirike."

Nikasema, "Mmemtoa?"

Akasema, "Tumemtoa."

Ulipandishwa kwenye tela la trekta, Atilio, ulipokuwa unataka pikapu yetu. Nilifika watu wamekwisha kusawazisha udongo, wanakung'uta majembe. Mshale wangu wa joto ulikuwa umesimama katikati kabisa, haukutikisika, na sikuwahi kuuchukia mshale uliosimama vizuri kama siku ile.

Watu wakanipisha. Wakasubiri. Walikuwa wanajua mtani amefika, sasa watacheka. Hata wanao walikuwa wanatazama mdomo wangu, wamelia tangu jana, wanataka kucheka kidogo. Mimi ambaye nilikutukana sokoni, nikakutukana stendi, nikakutukana siku ya harusi ya binti yako mbele ya padri, nilisimama kwenye udongo wako mdomo umefunga.

Mama Neema akaona. Naye Mhehe kama wewe, akanisaidia.

"Mngoni amefika," akasema. "Vita vimekwisha ndiyo wanafika, kawaida yao."

Watu wakacheka. Ilikuwa zamu yangu kujibu. Nikasema, "Pole sana, dada yangu."

Kicheko kikafa. Unajua mwenyewe, mtani hasemi pole. Mwanao mkubwa akainamisha kichwa. Nilikuonea haya, na nilijionea haya.

Baadaye tukiwa tumekaa Mama Neema akaleta kifuniko, kimefungwa kwenye leso. Akasema ulikuwa unakiweka kwenye rafu ya chumvi, na kila gari ikipita barabarani ulikuwa unainua kichwa unasema, "Huyo. Amekuja na jogoo wangu." Alinipa nikichukue. Nilikataa. Nilikuwa sina jogoo.

Siku hizi Lizaboni nakaa mbele ya gereji. Vijana wanafanya kazi, mimi naelekeza, na wote wananiheshimu sana. Shikamoo babu. Shikamoo mzee. Shikamoo fundi. Wanaondoa kofia. Nikisema kitu cha kijinga wanasema ndiyo mzee. Hakuna hata mmoja anayeniambia nimenenepa. Kolumba anadhani nakasirika kwa sababu ya magoti. Ningemweleza nini. Nilikuwa na mtu mmoja duniani aliyeniona jinsi nilivyo na akaja tena kesho yake, na mtu huyo aliniita, nikamwambia mvua, nikamwambia mahindi.

Haya. Wanaosoma barua hii wasimame, kama wako kaburini. Yale niliyotakiwa kuyasema siku ile nayasema sasa, kwa kalamu, kwa sababu sauti sidhani kama itanirudia.

Huyu aliyelala hapa ni Mhehe. Mfupi, mbishi, amejaa kiburi cha watu wa milimani. Aliendesha gari kama mtu anayefukuza kuku. Aliimba kanisani mpaka katekista akamwomba afuate kwa midomo tu. Alikula kwangu, akalala kwangu, akavaa sweta langu na hakulirudisha, akadai linampendeza yeye zaidi, na lilimpendeza. Alimnyima mtu yeyote nafasi ya kuwa na huzuni karibu yake. Alikuwa mwizi. Alikuwa mwongo, alinificha ugonjwa wake kwa kicheko. Hakuwahi kuniachia mlima hata mmoja niupande peke yangu mpaka huu. Mpigilieni udongo sawasawa, asije akatoka akaanza tena kubishana.

Hayo ndiyo yako. Yamechelewa, lakini yamesemwa na Mngoni, mbele ya watu. Sasa huna kisingizio. Lala, Mhehe.

Mimi mtani wako,
Osmund wa Lizaboni